Cheo cha jeshi mtu huvishwa, hajivishi

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu yetu ya kuheshimu alama za vyeo vya kijeshi: tumewahi kushambuliwa na mtu aliyejivisha mwenyewe.

Idi Amin wa Uganda aliingia King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Akapanda ngazi kwa taratibu za jeshi lile mpaka akawa afisa Uganda ilipokaribia uhuru. Hadi hapo sina neno naye. Balaa lilianza alipotwaa nchi mwaka 1971 na akakosekana mtu juu yake wa kumwambia "bado". Akawa Jenerali kamili kwa amri yake mwenyewe, na mwaka 1975 akajitangaza Fildi Masho, cheo kilicho juu ya Jenerali, kifua kimejaa nishani ambazo nyingine alijitungia. Oktoba 1978 askari wake wakavuka mpaka na kuteka ardhi yetu hadi Mto Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia, ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Kisiwa kile kinaonekana ukisimama ufukweni hapa mjini, kwa hiyo habari hii kwetu si ya mbali.

Sasa mtazame David Musuguri, mtoto wa Butiama, mwenzetu wa mwambao huu. Alijiunga na jeshi hilohilo la mkoloni mwaka 1942, akapigana Madagaska, enzi ambazo Mwafrika hata awe hodari vipi hakupewa nyota ya begani. Aliiongoza Divisheni ya 20 ya jeshi letu kuingia Uganda, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka uliofuata aliteuliwa Mkuu wa Majeshi, akastaafu 1988 akiwa Jenerali. Kila cheo alichovaa kilitoka mkononi mwa mtu mwingine aliyekuwa na mamlaka ya kukitoa, au kumnyima. Kwangu hapo ndipo ilipo thamani yake yote.

Ndiyo maana naumia nikiona vijana wetu hawawezi kusoma bega la askari. Si jambo gumu. Praiveti hana kitu. Koplo Usu ana tepe moja, yaani mstari wenye umbo la V, Koplo mbili, Sajenti tatu. Kwa maafisa, Luteni Usu anayetunukiwa kamisheni, yaani hati ya uafisa, anaanza na nyota moja, Luteni mbili, Kapteni tatu. Akifika Meja, pale ambapo Mwingereza huweka taji, sisi tunaweka alama ya nchi yetu. Tusilipite hilo haraka, maana wanajeshi wa Tanganyika walioasi Januari 1964 walidai, pamoja na mishahara, kwamba maafisa wa Kiingereza waondoke. JWTZ, jeshi letu wenyewe, ikazaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huohuo.

Wapo wanaosema haya ni mapambo ya gwaride. Hapana. Kamanda akianguka vitani, hakuna muda wa kikao. Anayemfuata kwa cheo anashika amri papo hapo, na wote wanajua ni nani. Ndiyo maana hata kwenye kombati, ambako kinachong'aa kinaweza kumponza askari, alama haiondolewi. Inafifishwa rangi tu.

Kuna jaketi za mitumba zinazoingia zikiwa bado na tepe za jeshi la Marekani, ambazo ncha zake zinatazama juu wakati zetu zinatazama chini. Kijana analivaa, anaitwa "afande" kijiweni, anafurahi. Mwaka 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare zake na mavazi yanayofanana nazo, na wengi walilalamika kwamba ni ukali wa bure. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Tepe tatu za Sajenti ni miaka ya jasho la mtu, na mama muuza dagaa anayesimamishwa barabarani usiku ana haki ya kuamini kwamba aliyevaa alama amepewa na nchi.

Lakini katazo peke yake halitoshi kama watu hawafundishwi. Naomba mabanda ya jeshi na JKT kwenye Nanenane pale Nyamhongolo, hapa Mwanza, yatundike ubao mkubwa wa vyeo vyote, kuanzia Praiveti hadi Jenerali, na asimame Sajenti mmoja mwenye subira kuwaeleza watoto wa shule.