Jiwe la Kusagia Lirudi Kazini

Ukitaka matembezi mazuri nje ya Mwanza mjini, achana kidogo na Jiwe la Bismarck. Picha zake tunazo za kutosha. Panda daladala ya Kisesa, barabara ya Musoma, shuka, kisha ukwee kwa miguu hadi Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kilima chenyewe hakisumbui, ila usikipande jua la saa saba.

Pale Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya ngoma za watemi, zana za wahunzi na vifaa vya waganga, vitu ambavyo wamisionari wengi waliviita ushenzi. Mimi nilinaswa na jiwe la kusagia. La chini ni pana na limeinama kidogo. La juu hushikwa kwa mikono miwili, na mwanamke hupiga magoti akisukuma mtama au uwele kwenda mbele. Mama mmoja tuliyeongozana naye alilitazama, akaguna.

"Hili halitaki macho, mwanangu. Linataka mgongo."

Akaeleza kuwa jiwe likishalainika halisagi tena, nafaka inateleza tu, kwa hiyo lilikuwa likigongwagongwa kwa jiwe jingine mpaka lipate meno upya. Hilo huwezi kuliona kwa kulitazama tu.

Hapo ndipo ninapowaonea Waholanzi wivu. Kila mwezi wa Mei wana siku za vinu: vinu vya upepo vya zamani, mamia kwa mamia, vinafunguliwa na kuzungushwa, watu wanaingia hadi ndani. Kinu kiitwacho De Kat, kule Zaanse Schans, kinasaga rangi za wachoraji hadi leo. Wanajua kuwa kinu kilichosimama huoza upesi kuliko kinachozunguka.

Nasi tunalijua hilo, ila tumeishia kwenye ngoma. Bujora hiyohiyo, mwezi wa Juni, kwenye sikukuu ya ngoma iitwayo Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ngoma wa Kisukuma, wanashindana, kila upande na dawa zake na vituko vyake vya nyoka. Hakuna anayedai ngoma itahifadhika kwa kutundikwa ukutani. Basi jiwe limekosa nini? Mgeni apewe kiganja cha mtama, apige magoti, asage. Hasa watoto wa shule, ambao unga wanaujua ukiwa kwenye mfuko wa kilo mbili. Na wavulana ndio waanze.