Machi kwenye Njia ya Appalachia: ogopa mvua kuliko theluji

Springer Mountain, kilima cha jimbo la Georgia inakoanzia Njia ya Appalachia, njia ndefu ya kutembea kwa miguu mashariki mwa Marekani, kina mita 1,153 tu. Lango la Marangu, pale wapanda Kilimanjaro wanapojiandikisha kabla ya kupiga hatua ya kwanza, liko juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo aliyekwisha kufika Uhuru, au Lenana kule Mlima Kenya, akihamia Marekani na kutazama ramani ya njia hii, ni rahisi sana aidharau. Naomba asiidharau, hasa akianza mwezi Machi.

Kilimanjaro baridi kali iko juu, na kwa kawaida ni kavu. Mzigo mkubwa uko kwa mpagazi. Ukifika kambini hema limeshasimama na maji ya moto yapo. Appalachia unabeba kila kitu mwenyewe, tangu Georgia hadi Katahdin kule Maine, zaidi ya kilomita 3,500, ukifuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye miti. Na mwanzoni mwa majira ya kuchipua hali ya hewa inayotesa ni ile iliyo katikati: nyuzi 3 za Selsiasi, upepo, na mvua ya kutwa nzima. Theluji kavu ukiikung'uta inaanguka. Mvua inapenya. Maji hunyonya joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa, na miti ya Machi bado haina majani, kwa hiyo mgongoni mwa mlima hakuna cha kukukinga na upepo.

Kosa kubwa la wageni, kwa maoni yangu, ni kuliamini koti la mvua kupita kiasi. Ukipanda mlima na kilo 14 mgongoni, jasho litakulowesha kwa ndani hata kama koti halivuji tone. Dawa ni kupunguza mwendo, kufungua zipu za kwapani, na kuvaa fulana moja nyembamba ya sufu au poliesta chini ya koti. Sweta libaki kwenye shanta hadi utakaposimama. Pamba, pamoja na jinzi, iache nyumbani. Ikilowa haikauki upesi na haina joto. Mikononi, glavu kubwa za mpira za kuoshea vyombo juu ya glavu nyembamba za sufu hufanya kazi kuliko nyingi za bei ghali.

Sasa jambo ambalo halina mjadala. Weka seti moja ya nguo ambayo hailowi kamwe: fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani ya kubana, soksi nene za sufu na kofia. Ifunge pamoja na begi la kulalia ndani ya mfuko mkubwa, mzito wa plastiki, ukiwa ndani ya shanta. Kifuniko cha nje hakitoshi, maana maji huteremka mgongoni na kuingia kwa nyuma. Seti hiyo huvaliwa hemani tu, au kwenye vibanda vya kulala vya njiani. Asubuhi unaivua, unairudisha mfukoni, unavaa soksi zilizolowa jana. Ni dakika kumi za mateso, kisha mwili unapata moto. Anayeona uvivu akatembea na nguo kavu, usiku unaofuata hana cha kuvaa, na hapo ndipo inapoanza hatari ya mwili kupoa kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, vidole kushindwa kufunga kifungo, maneno kuwa mazito, kujikwaa ovyo. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, amezidiwa: mvue nguo mbichi, mwingize kwenye begi kavu, mpe kitu kitamu na cha moto kama bado anameza vizuri, na tafuta msaada.

Begi la kulalia liwe la kufaa hadi nyuzi -7. Chini yake mkeka wenye kiwango cha R (kipimo cha kuzuia baridi) cha 4 au zaidi, kwa sababu uzito wako hubana begi kwa chini na kuondoa hewa inayotunza joto. Baridi ya ardhini ndiyo huwaamsha watu saa tisa usiku wakidhani begi ni bovu.

Ndani ya begi hilo lala na vitu viwili. Cha kwanza ni chujio la maji la nyuzinyuzi zenye tundu. Maji yaliyobaki ndani yakiganda hupanuka na kuzipasua, na kwa nje huoni ufa wowote; utaendelea kunywa maji ya kijito ukidhani yamechujwa. Likiganda mara moja, litupe, utumie vidonge vya kutibu maji. Cha pili ni mtungi wa gesi. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, kwa hiyo jiko hufifia asubuhi ingawa mtungi umejaa. Nunua mchanganyiko wa isobutani na propani. Viatu huwezi kulala navyo: legeza kamba na uvipanue mdomo kabla ya kulala, la sivyo vikiganda hutapitisha mguu.

Kuhusu mwendo, kilomita 13 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza. Mapafu yatakudanganya, yanazoea haraka, mishipa ya magoti na vifundo inachelewa. Kinachoumiza ni kuteremka, na mteremko wa kutoka Blood Mountain, mita 1,359, hadi Neel Gap, wa mita 400 hivi, ndio unaowafunulia wengi hali ya magoti yao. Kutoka Springer hadi hapo ni kilomita 50, yaani chakula cha siku nne. Hesabu gramu 800 kwa siku, vyakula vyenye mafuta mengi: karanga, siagi ya karanga, jibini. Neel Gap kuna duka la vifaa, na ndipo pa kuposti nyumbani kila ulichobeba bila kukitumia. Kumbuka pia kwamba kulala kati ya Jarrard Gap na Neel Gap, kuanzia Machi 1 hadi Juni 1, kunahitaji kopo gumu la kuwekea chakula ili dubu asikifikie.

Nawa mikono kwa sabuni. Vibandani kila masika hupita ugonjwa wa kutapika na kuhara, na jeli ya alkoholi haiui virusi vyake vizuri.

Mtihani wenyewe uko kwenye hifadhi ya Great Smoky Mountains, kilomita 115 hivi za njia. Bwawa la Fontana, unapoingilia, liko takriban mita 550. Kuwohi, mahali pa juu kuliko pote kwenye njia, ni mita 2,025. Joto hupungua nyuzi 6 au 7 kila mita 1,000, hivyo mvua ya nyuzi 8 bwawani ni theluji huko juu. Barabara inayokatiza njia pale Newfound Gap hufungwa theluji ikizidi, na ndiyo njia yako ya kutokea. Kwa hiyo tazama utabiri wa kule juu, wala si wa mjini. Kama dhoruba inakuja, kaa kwenye kibanda cha Fontana. Kibali cha wapita njia, dola 40, kina uhai wa siku 38, na kuvuka hifadhi umepewa siku 8. Kusubiri siku mbili hakukupunguzii kitu.