Mjomba na Bata wa Cospuden

Mjomba alipotutembelea Leipzig, Ujerumani, alitaka apelekwe pwani. Leipzig haina pwani, ina mashimo. Kusini mwa mji walichimba makaa ya mawe ya kahawia mpaka mwaka 1990 wakazi wakachachamaa na kuandamana, na 1992 uchimbaji wa Cospuden ukakoma. Shimo likajazwa maji, mengi yakivutwa kwa pampu kutoka migodi jirani, na mwaka 2000 likafunguliwa kuwa ziwa la kuogelea. Kina chake kinapita mita 50. Ndege wamejaa tele.

"Shimo la makaa hili?" Mjomba akayakagua maji. "Mbona si meusi?"

Tukatafuta kivuli pasipo na msongamano. Mjomba kajifunga kikoi, shati la mikono mirefu na kofia yake ya viua. Akatandika mkeka, akafungua maandazi. Hapo akapita mama mmoja wa makamo ameshika aiskrimu. Mwilini hakuwa na kitu, hata ushanga.

Mjomba akainamisha kichwa. Akapita babu, naye vilevile. Mjomba akainua uso mbinguni, na huko akabaki, maana huku chini hapakuwa tena na pa kuweka macho. Na kioja chenyewe, wao ndio waliokuwa wakitushangaa sisi!

"Kunja mkeka," akaniambia kwa sauti ya msibani.

Kabla sijaukunja, bata maji mweupe akatoka ziwani. Ndege yule ukimwona kwa mbali utamsifu. Akikusogelea anafoka kama tairi lililopata pancha, na mabawa kayatandaza. Akala andazi, akala la pili, kisha akaitamani kofia. Mjomba akatimka, astaghfirullah zinamtoka, kikoi kakishika kwa mikono miwili, bata nyuma yake, akaelekea kulekule kwenye kundi la watu wasiovaa.

Mzee mmoja akanyanyuka na taulo. Nikashukuru, angalau huyu anajisitiri. Wapi! Alilipeperusha mpaka bata akarudi majini, kisha akalitupa begani na kunyoosha mkono.

"Shikamoo, bwana! Pole sana!"

"Marahaba," Mjomba akaliambia wingu, ingawa kwa umri yeye ndiye aliyestahili kuanza.

Kiswahili, mzee akasema, alijifunzia Unguja ujanani, alipotumwa na Ujerumani Mashariki kujenga nyumba za Kikwajuni.

Mjomba anakaa Kikwajuni. Ghorofa ya pili, humohumo kwenye nyumba za Wajerumani.

Macho yakashuka kutoka mbinguni. Akamshika mzee mkono, akamkalisha mkekani vilevile alivyo, akampa andazi lililonusurika.

"Sasa, fundi," akamsogelea, "hebu niambie. Bomba la jikoni mlilipitisha ukuta upi? Tushabomoa miwili."