Chakula cha Kwenu

Jamani, mwenzenu nina ugomvi na tambi.

Niko Chuncheon, Korea Kusini, huu mwaka wa tatu. Si Seoul, Seoul mnaiona wenyewe kwenye tamthilia. Huu ni mji wa watu kama 280,000, milima huku, maziwa kule, na baridi yake ya Januari inaingia mpaka kwenye nia. Nilipofika sikujua kushika vijiti. Na vijiti vya Wakorea si vya mbao, ni vya chuma, bapa, vinateleza kama kambare. Mwezi mzima nilikuwa sili, nafukuza. Kuna kipande cha figili kiliniponyoka kikaenda kutua kwenye kikombe cha profesa. Nikavumilia. Leo hii naokota punje ya ufuta kwa vijiti, na leo hiihii ndipo mji mzima umeamua kuhamia kwenye uma.

Mtaa wa nyuma ya chuo hautambuliki. Pale palipokuwa na bibi anauza supu ya mifupa, sasa pana ukuta wa kioo, taa za manjano zinaning'inia kwenye waya, na jina la Kiitaliano ambalo nadhani hata mwenye hoteli analitamka kwa kubahatisha. Hatua kumi mbele kuna wengine wanauza kifungua kinywa saa tano mchana: mayai mawili na nusu parachichi, won 16,000. Nusu! Kule Lushoto parachichi linaanguka lenyewe, unaliruka njiani ukiwahi basi.

Mimi sina neno na mtu kufungua hoteli yake. Neno langu ni kwamba kila inayofunguliwa, napelekwa mimi. Pale maabara tuna kijana mmoja, roho yake nzuri mpaka inachosha, ananiita hyeong, yaani kaka mkubwa. Ameshika imani kwamba mgeni akimaliza wiki hajaona uma, atalia. "Hyeong, twende, najua umekumbuka chakula cha kwenu."

Kwetu Tanga, wewe! Kwetu tambi ni za futari. Zinakaangwa, zinatiwa tui, sukari, iliki, na zabibu Mungu akijalia. Sasa Ijumaa nimekalishwa pale, kijana na mchumba wake mbele yangu, inaletwa sahani ya tambi zinaogelea kwenye maziwa mazito ya chumvi, na kamba watatu juu wamejikunja kama wanaona aibu. Kula huruhusiwi kwanza. Mchumba anapiga picha: ya juu, ya ubavu, sogeza glasi, toa mkono. Tambi zikapoa zikashikana. Nikaonja. Macho yakaanza kutafuta sukari yenyewe.

Na sukari ilikuwepo, ila imepewa uhamisho. Mkate wa kitunguu saumu: mtamu. Piza ya jibini tupu: imekuja na kibakuli cha asali, unachovya. Matango ya achari: matamu kama jamu, na hayo ni bure, ukimaliza unaongezewa, maana Mkorea hali kitu bila kachumbari pembeni, na kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha yenye pilipili, humo haikualikwa. Piza ya pili kingo zake zimejazwa viazi vitamu vilivyopondwa, juu wamemwaga mahindi. Kijana akanionyesha kwa furaha: "Hyeong, mahindi!" Nikamwambia kweli mdogo wangu, hapo umekaribia, yamekosa kusagwa tu.

Nikaomba vijiti. Binti anayehudumia alicheka kwa adabu, mkono mdomoni, akarudi na kijiko.

Na siku hiyo mimi nilishasema twende Myeongdong, ile ya hapahapa Chuncheon, kwenye uchochoro wa dakgalbi. Hapa ndipo kwao dakgalbi. Kuku aliyekolea pilipili, kabichi, viazi vitamu, vyote kwenye chuma kipana kama cha chapati, kinachemka katikati ya meza mmevishwa aproni kama watoto. Hakuna kishikwambi cha kubonyeza. Unapaza sauti, "Imo!", yaani mama mdogo, na mama mdogo anakuja amenuna kama mama wadogo wote. Zile za zamani unavua viatu, unakaa chini, kama uko kwenye hitima. Kuku akikaribia kuisha anatia wali palepale, anaukandamiza, anauacha ushike. Hapo ndipo utaona watu wazima na shahada zao wanagombea kukwangua ukoko. Ukoko, jamani! Siku ya kwanza nilitaka nimpigie mama simu.

Nikamwambia kijana: chakula cha kwetu ni kile. Akacheka mpaka akapaliwa. "Hyeong, kile ni cha Wakorea!"

(Haki ya mtu nimpe: hoteli za uma ukienda peke yako unahudumiwa. Dakgalbi kwa kawaida wanataka muwe wawili, au mtu mmoja ulipe ya wawili, na mimi nimeshawahi kula ya wawili. Sitaki kuizungumzia.)

Ikaja bili. Won 84,000, kama laki na nusu ya kwetu, futari ya mtaa mzima. Kijana akaangalia dari. Mchumba akaangalia zile picha. Nilisahau kuwaambia: huku mkubwa ndiye mlipaji. Yeye ana miaka 26, mimi 37. Kumbe ndiyo maana ya kuitwa hyeong kwa sauti tamu vile.

Ila na mdogo naye ana zamu yake, analipa kahawa. Akatuongoza mpaka Gongjicheon, kwenye mkahawa ulio karibu na mnara wa askari wa Ethiopia waliokuja kupigana Vita vya Korea. Upo tangu 1968, mwaka ule ule Haile Selassie alipofika. Kijana akanishika bega, macho yanang'aa kwa mapenzi ya kweli: "Hyeong, kahawa ya kwenu."

Nikafungua mdomo nimweleze ramani, Tanga iko wapi na Addis Ababa iko wapi. Nikamwona anatoa kadi yake. Nikafunga mdomo, nikanywa, nikashukuru kwa niaba ya Waethiopia wote.