Saa 30 ni za wiki 38 tu
Mmeandika kuwa tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi hapa Uingereza wanapata saa 30 za chekechea bure kwa wiki, kuanzia mtoto wa miezi 9. Kweli, na nashukuru sana. Bila saa hizo nisingerudi kazini. Ila mngesema pia kwamba ni kwa wiki 38 za mwaka, zile za mihula ya shule. Ukizitandaza mwaka mzima zinabaki kama 22 kwa wiki, na sisi wafanya usafi hatuna likizo ya shule. Chakula na nepi nalipia mwenyewe. Kinachoniuma zaidi: wazazi ambao viza zao wote wawili haziruhusu kupokea fedha za umma, yaani misaada ya serikali, hawapati hizo 30, ingawa wanakatwa kodi kama mimi. Mtoto wao amekosa nini?