Majina ya vifaa kwenye Linux: yapangwe na mfumo au na fundi?

Fundi aliyejifunza Linux zamani hakuwa na haja ya kuuliza kadi ya mtandao inaitwaje. Ya kwanza ilikuwa eth0, ya pili eth1. Leo akisimika Debian, Ubuntu au Fedora anakutana na enp3s0, eno1 au wlp2s0, na kwa kadi ya USB pengine enx ikifuatiwa na anwani nzima ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yenyewe. Utaratibu huu uliingia Januari 2013 na toleo la 197 la systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo. Debian ikaupokea katika toleo la 9 mwaka 2017, na mpaka sasa mafundi wamegawanyika. Wapo wanaoushukuru. Wapo pia ambao wakimaliza kusimika tu, wanafungua mipangilio ya GRUB, programu inayoipakia Linux kompyuta inapowaka, na kuandika net.ifnames=0 ili eth0 yao irudi.

Anayetoa majina hayo ni udev, programu iliyoanzishwa na Greg Kroah-Hartman mwaka 2003 na ambayo tangu 2012 imo ndani ya systemd. Kifaa kikichomekwa, kerneli, yaani kiini cha Linux, hukitambua na kutoa taarifa. Udev huipokea taarifa hiyo na kuipitisha kwenye kanuni zilizoandikwa katika mafaili. Kanuni za mfumo ziko /usr/lib/udev/rules.d, za mwenye mashine ziko /etc/udev/rules.d. Mafaili yote husomwa kwa kufuata mpangilio wa majina yao bila kujali yako folda gani, na faili la /etc likiwa na jina lilelile la faili la mfumo, la mfumo halisomwi kabisa. Ubishi wote wa majina unasimama juu ya utaratibu huu.

Wanaotetea majina mapya wana hoja nzito. Kerneli ilikuwa inatoa eth0 na eth1 kwa kufuata kadi ipi imewahi kutambuliwa, na hakuna ahadi kwamba leo na kesho itawahi ileile. Chukua seva yenye kadi mbili, moja inatazama intaneti na nyingine inatazama mtandao wa ndani, huku kanuni za ukuta wa moto (firewall) zimeandikwa kwa majina. Kadi zikibadilishana majina baada ya umeme kukatika na kurudi, mlango uliofungwa kwa watu wa nje unafunguka, na hakuna anayepewa taarifa.

Dawa ya awali ilikuwa faili la 70-persistent-net.rules, ambamo udev yenyewe ilinakili anwani ya MAC na kuifunga kwenye jina. Ilifaa mpaka pale mtu aliponakili diski moja kwenda kompyuta nyingine, kazi ya kawaida kabisa katika maabara za shule na vyuo vyetu. Mashine ya pili ina MAC tofauti, kwa hiyo inapewa eth1, ilhali mipangilio yote inaitaja eth0. Mtandao hauji, na chanzo chake ni faili ambalo hakuna mtu aliyeliandika.

Lakini wapinzani nao hawasemi kwa mazoea tu. Kompyuta nyingi zina kadi moja ya waya, na kwa mashine hiyo eth0 haiwezi kugombana na mtu. Pia jina enp3s0 linafuata nafasi ya kadi ndani ya mashine, yaani njia ya data (bus) namba 3, sloti 0, na nafasi hizo nazo zinahama. Ongeza kadi nyingine ndani ya mashine, namba za bus zinaweza kupangwa upya, na enp3s0 ikaamka ikiwa enp4s0. Systemd yenyewe imebadilisha namna ya kutunga majina mara kadhaa, hata toleo la 240, Desemba 2018, likaleta mpangilio wa net.naming-scheme ili mtu aweze kubaki na utaratibu wa toleo la nyuma. Ahadi ya jina lisilobadilika inayohitaji swichi ya kuzuia mabadiliko ina upungufu, na ni haki kuusema.

Kwetu upungufu huo unaonekana haraka. Kompyuta nyingi za Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, ni za mtumba. Mashine ikifa, diski inachomolewa na kuingizwa kwenye mwili mwingine, mara nyingi wa kampuni nyingine kabisa. Mipangilio inasema enp3s0, mwili mpya unasema eno1. Kwenye kompyuta ya mezani inayotumia NetworkManager, programu inayounganisha mtandao yenyewe, mtumiaji huenda asitambue lolote. Kwenye seva iliyoandikiwa mipangilio kwa mkono, fundi atalazimika kuifuata mashine mpaka ilipo.

Kwa seva, kwa hiyo, sioni sababu ya kuchagua kati ya majina mawili ambayo yote yametungwa na asiyeijua kazi ya mashine. Andika faili kama /etc/systemd/network/10-ndani.link, utaje kadi kwa MACAddress= chini ya [Match], kisha Name=ndani0 chini ya [Link]. Jina lisizidi herufi 15, na lisiwe eth0, kwa sababu kerneli nayo inayatoa majina hayo na mtagongana. Kwenye Debian na Ubuntu endesha update-initramfs -u, la sivyo nakala ya zamani ya mipangilio, iliyomo kwenye initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni), ndiyo itakayotumika wakati wa kuwaka. Ukijua kwamba kadi itabadilishwa mara kwa mara, tumia Path= badala ya MAC. Hapo jina linafuata sloti, na kadi mpya inalirithi.

Je, kila kitu kiandikwe kwa mkono? Hapana, na modemu za USB zinaonyesha kwa nini. Modemu nyingi za Huawei zilizotuletea intaneti ya 3G zilikuwa zikichomekwa zinajitokeza kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Ili ziwe modemu lazima zitumiwe ujumbe maalumu, na kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na usb_modeswitch ikiamshwa na kanuni za udev. Orodha yake ya vifaa ni ndefu, imekusanywa kwa miaka na watu waliojitolea. Mwalimu wa kijijini aliyechomeka modemu na kupata mtandao hakuandika hata mstari mmoja. Anayesema mfumo usipange chochote ajue anamnyima nani.

Ila kanuni za mfumo huweza pia kumdhuru asiyehusika. Ubuntu 22.04 ilipotoka, watu waliochomeka kibadilishi cha USB kwenda siriali chenye chipu ya CH340 waliona /dev/ttyUSB0 ikitokea na kupotea papo hapo. Chipu hiyo ni ya bei nafuu, imo kwenye bodi nyingi za kujifunzia za aina ya Arduino, na hujitambulisha kwa namba 1a86:7523. Namba hizohizo zilikuwa kwenye kanuni za brltty, programu inayoendesha vifaa vya nukta nundu kwa wasioona, kwa sababu kuna kifaa cha aina hiyo kinachotumia chipu ileile. Brltty ilikuwa inakishika kila kibadilishi ikidhani kimekuja kumhudumia asiyeona.

Ushauri ulioenea haraka ulikuwa kuiondoa brltty. Kwenye kompyuta ya fundi mmoja, sawa. Kwenye maabara inayotumiwa na wanafunzi wengi ushauri huo unaniudhi, kwa sababu unamfungia mlango mwanafunzi asiyeona ili bodi ya mwenzake ifanye kazi, na atakapokuja hakuna atakayekumbuka nini kiliondolewa. Njia ya haki ni ndefu kidogo. Nakili 85-brltty.rules kutoka /usr/lib/udev/rules.d kwenda /etc/udev/rules.d kwa jina lilelile, weka alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86/7523 pekee, andika juu yake tarehe na sababu, kisha endesha udevadm control --reload na uchomeke kifaa upya. Vifaa vingine vyote vya nukta nundu vinaendelea kutambuliwa. Gharama yake ni kwamba nakala ya /etc haitapata marekebisho yatakayokuja na masasisho ya brltty, kwa hiyo baada ya kila toleo jipya la Ubuntu mtu ailinganishe na faili la mfumo kwa diff, amri inayoonyesha tofauti za mafaili mawili, na mstari ule ukiwa umesharekebishwa, nakala ifutwe.