Kilalo kikicheza: tukipime au tukaze nati?

Hapa Bukavu daraja tunaliita kilalo, na vingi vya waenda kwa miguu ni mbao juu ya kamba za chuma. Asubuhi moja nilimfuata mama aliyebeba gunia la mkaa mgongoni, ukanda umembana kwenye paji la uso. Mbao zilipoanza kucheza alisimama, akangoja watoto wa shule wapite, ndipo akaendelea.

Miguu yake inajua kilichowashtua wahandisi wa London. Millennium Bridge ilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000, umati ukaiyumbisha ubavuni, ikafungwa baada ya siku 2. Mtu hupiga hatua kama 2 kwa sekunde, lakini mguu wa kushoto na wa kulia hupokezana, hivyo ubavuni daraja husukumwa na kurudishwa mara 1 tu kwa sekunde. Likiwa na tabia ya kuyumba kwa kasi inayokaribia hiyo, linaitikia. Watu nao hutanua miguu wasianguke, wakafuata mayumbo yake, wakazidi kulisukuma. Dawa ilikuwa vifaa vya kufyonza mtikisiko, mfano wa shokamzoba za gari, kwa pauni milioni 5 hivi.

Wanaotaka vipimo wana hoja nzito. Kilalo kikianza kuyumba polepole kuliko zamani, huenda kuna kitu kimelegea, na simu ya kawaida ina akselerometa, yaani kihisi cha mtikisiko, ya kuliona hilo: ilaze juu ya mbao katikati ya kilalo, watu 10 wapite, soma kasi ya myumbo. Ila mbao zilizolowa huwa nzito, nazo hupunguza kasi hiyo. Kipimo cha masika usikilinganishe na cha kiangazi.

Wanaotaka kukaza nati kwanza wananikumbusha Angers, Ufaransa, mwaka 1850. Wanajeshi walikuwa wakivuka katika dhoruba, daraja likaanguka, wakafa zaidi ya 200. Upepo na hatua zao vililitikisa kweli, lakini nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu pale zilipofungwa, ndani, pasipoonekana. Kwetu mvua hula udongo chini ya nguzo, na kihisi kilicho juu ya mbao kinaweza kisiseme lolote hadi umechelewa.

Mimi naanza na kutu, udongo na nati, kisha kamba za pembeni za kuzuia myumbo. Vihisi vya kudumu visubiri, maana vinadai betri na mtu wa kuvisoma kila wiki. Simu isisubiri. Nisichokubali ni lile neno “kinacheza tu, tumezoea”, nalo nalisikia kila siku. Vipimo viandikwe kwenye daftari, likae kwa mkuu wa avenyu, yaani wa mtaa, pamoja na ufunguo wa nati.